Kabla Nepi Haijaloa

*Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa klabu ya afya ya shule ya sekondari*



Leo tunazungumza juu ya mtoto mchanga. Najua wapo watakaosema, "Aa, hayo ni mambo ya kina mama, sisi tuko fomu tatu, tuna mtihani." Ngoja kwanza. Nyoosha mkono kama nyumbani kwenu, au kwa jirani, kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Haya, sasa nyoosha mkono kama umewahi kuachiwa mtoto huyo wakati mama yake amekwenda sokoni, shambani au kisimani. Mnaona? Mikono ni mingi, na ya wavulana imo. Wale waliowahi kulowanishwa sare Jumatatu asubuhi hawana haja ya kunyoosha, tunawajua.

Wapo pia wanafunzi wenye watoto wao wenyewe. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani baada ya kujifungua. Kwa hiyo kama mwenzako ana mtoto nyumbani na daftari mkononi, usimcheke. Msaidie. Mada hii inamhusu yeye, na inakuhusu wewe.

Tutazungumza juu ya mkojo na kinyesi cha mtoto. Cheka kwanza, umalize. Tayari? Basi tuendelee.

Njia hii ni ipi?

Watu wengi siku hizi wanaamini kwamba mtoto mchanga hana la kufanya ila kujisaidia kwenye nepi mpaka afikishe miaka miwili au mitatu. Lakini kuna njia nyingine. Mlezi anamchunguza mtoto, anajifunza ni saa ngapi na kwa dalili gani anataka kujisaidia, halafu anamshika juu ya poti, beseni au kopo pana kabla hajaloa. Huku anamtolea sauti, kama "ssss" au "shuuu". Baada ya muda mtoto anaizoea ile sauti na ule mkao.

Hii si mashine mpya iliyoletwa kwa meli. Bibi zetu wengi wanaijua. Ukienda nyumbani leo muulize bibi, "Bibi, shikamoo, zamani bila pampasi mlifanyaje?" Kaa chini usikilize, maana jibu halitakuwa fupi.

Huko China watoto wadogo wamevalishwa kwa vizazi vingi suruali yenye uwazi katikati, ili mlezi amchutamishe mtoto bila kumvua. Na hapa kwetu pwani kuna mfano ambao madaktari wa dunia nzima wameusoma.

Wadigo waliwafundisha madaktari

Wadigo wanaishi pwani ya kusini ya Kenya, upande wa Kwale, na pia hapa Tanzania, mkoa wa Tanga. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, *Pediatrics*, lilichapisha utafiti wa Marten deVries na Rachel deVries kuhusu malezi ya Wadigo. Walichokiona ni hiki.

Mama wa Kidigo alianza mtoto akiwa na wiki mbili au tatu tu. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto ukiegemea mwili wa mama. Kisha akatoa ile sauti ya "shuu". Alifanya hivyo mara nyingi, mchana na usiku. Mtoto akikojoa, mama alimfurahia na kumbembeleza. Kufikia miezi 5 au 6, watoto walikuwa wakikaa wakavu kwa kiasi kizuri, mchana na usiku.

Sasa linganisha na Marekani. Mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza nepi za kutupa ziitwazo Pampers. Ndilo jina ambalo sisi tumeligeuza "pampasi" na kuipa kila nepi ya kutupa. Mwaka uliofuata, 1962, daktari T. Berry Brazelton aliandika katika jarida lile lile la *Pediatrics* habari za watoto 1,170 wa huko. Ushauri wake ulikuwa kusubiri hadi mtoto awe na miezi 18 hivi na aonyeshe mwenyewe kwamba yuko tayari. Watoto hao walikauka mchana wakiwa na wastani wa miezi 28 na nusu.

Je, watoto wa Kidigo walikuwa na akili kuliko wale wa Marekani? Hapana. Tuelewane vizuri hapa. Mmarekani anaposema mtoto "amejua choo" ana maana kwamba mtoto anakwenda mwenyewe, anavua, anajisaidia, anarudi kucheza. Mdigo alikuwa na maana kwamba mtoto na mlezi wake wanaelewana. Mtoto anatoa ishara, mlezi anaitika. Mtoto wa miezi 6 hawezi kwenda chooni peke yake, hata kutembea hajaanza! Lazima awepo mtu karibu.

Kwa hiyo katika njia hii anayefundishwa kwanza ni nani? Ni wewe mlezi. Ukisahau yote niliyosema, hilo usilisahau.

Mwili wa mtoto unafanyaje kazi?

Wewe ukibanwa darasani unaweza kujikaza mpaka kengele ilie. Kuna msuli unaofunga kibofu, na ubongo wako unaweza kuuambia, "Subiri." Mtoto mchanga hana uwezo huo bado. Kibofu kikijaa kinajikamua, basi. Uwezo wa kuuamrisha msuli huo unakuja taratibu, kwa watoto wengi baada ya mwaka wa kwanza na kuendelea.

Katika wiki za mwanzo mtoto anaweza kukojoa hata mara 20 kwa siku. Ukisema utayapata yote kwenye poti, utachoka na utakasirika bure. Lakini mwili una mpangilio wake:

Mosi, mara nyingi mtoto hukojoa anapoamka tu.

Pili, akinyonya, maziwa yakiingia tumboni, utumbo mpana nao unaamka na kuanza kusukuma. Ndiyo maana watoto wengi hupata choo wakati wananyonya au muda mfupi baadaye.

Tatu, wengi hukojoa wakifunguliwa nepi na kupigwa na hewa ya baridi. Hilo mnalijua, limewapata!

Hizo ndizo nafasi zako. Ukianza na moja tu, ile ya kuamka asubuhi, inatosha kabisa.

Ishara za kuangalia

Mtoto hana maneno ila ana lugha. Angalia kama anakunja uso au anakuwa mwekundu machoni. Angalia kama ananyamaza ghafla na kukazia macho mahali pamoja. Wengine wanarusha miguu, wengine wanaacha ziwa na kulirudia, wengine wanaguna au kujikamua. Akiwa mgongoni kwenye mbeleko utamsikia anajinyonganyonga.

Kila mtoto ana zake. Chukua karatasi, kwa siku tatu andika saa aliyonyonya, saa aliyolala, saa aliyokojoa na alichokifanya kabla. Ninyi watu wa baiolojia si mnapenda kukusanya data? Hiyo ndiyo kazi ya mradi. Siku ya nne utaona mambo yanajirudia.

Namna ya kumshika

Nawa mikono. Keti kwenye kigoda au ukingo wa kitanda, weka poti au beseni safi mbele yako. Mgeuze mtoto mgongo wake uegemee tumbo au kifua chako. Pitisha mikono chini ya mapaja yake, magoti yawe juu kidogo, kama mtu aliyechutama. Mtoto ambaye shingo haijakaza ni lazima kichwa chake kiegemee mwili wako, kisining'inie. Kama ni mvulana, angalia mkojo uelekee chini, la sivyo utaupata usoni.

Toa sauti yako, "ssss". Sauti iwe moja kwa watu wote wa nyumbani. Dada asiseme "ssss" halafu kaka akapiga mluzi, mtoto atachanganyikiwa.

Subiri dakika moja au mbili. Akijisaidia, mfurahie. Asipojisaidia, mfunge nepi, kesho ipo. Akijikunja nyuma kama upinde, akilia au akikaza miguu, mwache hapo hapo. Usimkamate kwa nguvu na usimpanue miguu kwa lazima.

Na kaka zangu mlioko nyuma, msijifiche. Kumshika mtoto juu ya poti hakuhitaji kuwa na ziwa. Mvulana wa fomu mbili mwenye mikono miwili anaweza. Mara nyingi msichana ndiye anayechelewa shule kwa sababu ya mdogo wake, huku kaka anachomekea shati mbele ya kioo. Hiyo si haki. Gawaneni zamu.

Usimpige

Hapa nataka tusikilizane. Kuna walezi wanaomfinya au kumchapa mtoto akijikojolea. Wanasema eti wanamzoesha. Tumeona kwamba mtoto mchanga hana uwezo wa kuubana mkojo. Sasa unampiga kwa kosa gani? Ni sawa na kumchapa mtu kwa kupiga chafya.

Tena kipigo kinaleta ugonjwa. Mtoto akiogopa poti anajifunza kubana kinyesi. Kinyesi kinakaa, kinakauka na kuwa kigumu. Siku kikitoka kinamuumiza, pengine kinamchana. Siku inayofuata anaogopa zaidi, anabana zaidi. Sasa mmeanza safari ya kwenda zahanati kwa sababu ya fimbo moja.

Na mtoto mdogo sana akitikiswa kwa hasira, ubongo wake unaweza kuumia vibaya, hata kufa. Ukiona hasira zimekupanda, mlaze mtoto mahali salama, toka nje, pumua, mwite mtu mwingine akupokee. Hiyo si aibu.

Kinyesi cha mtoto si "safi"

Mara ngapi umesikia mtu akisema, "Hicho cha mtoto, hakina neno"? Kisha kinamwagwa nyuma ya nyumba, kuku wanachakura, inzi wanatua, halafu inzi hao hao wanaingia jikoni.

Kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuharisha kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Kwa hiyo poti bila usafi ni kazi bure. Fuata haya:

- Kilichoko kwenye poti kimwagwe chooni mara moja, si uani wala mtaroni.
- Poti ioshwe kwa sabuni, na maji yaliyooshea yamwagwe chooni pia.
- Mtoto asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma, hasa wa kike, kinyesi kisiingie kwenye njia ya mkojo.
- Nepi ya kitambaa iondolewe kinyesi, iloekwe, ifuliwe kwa sabuni na ianikwe juani ikauke kabisa.
- Wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi. Huna sabuni? Tumia majivu.

Pampasi je? Mimi sisemi ni dhambi. Safarini, usiku, au siku mtoto akiwa na wageni wa kumshika, zinasaidia. Lakini piga hesabu. Mtoto akitumia 5 kwa siku, kwa mwezi ni 150. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu uone kama si ada ya mtu hiyo. Ukimpata mara mbili tu kwa siku kwenye poti, umeokoa hadi 60 kwa mwezi. Na pampasi iliyotumika usiitupe kwenye choo cha shimo. Ina plastiki na unga unaovimba ukipata maji, haiozi upesi, na shimo linajaa kabla ya wakati wake. Ondoa kinyesi kiende chooni, ikunje, ifunge, iweke kwenye taka.

Faida ambayo wengi hawaijui

Mlezi anayeangalia mkojo na kinyesi kila siku anaugundua ugonjwa mapema. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba maziwa ya mama hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Wewe unayemshika kwenye poti utakuwa wa kwanza kujua kwamba leo tangu asubuhi hajakojoa.

Mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa mtoto hakojoi kwa saa nyingi, mkojo ni wa rangi nzito na kidogo mno, utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analegea au anakataa kunyonya. Vilevile kama kuna damu kwenye choo, au choo cha mtoto mchanga ni cheupe kama chokaa. Akiharisha, aendelee kunyonya na apewe ORS, na mhudumu wa afya atampa zinki ya kutumia kwa siku 10 hadi 14. Usisubiri kesho ukisema "meno yanaota".

Maswali yenu

*Bibi anasema nimeanza vibaya, mtoto ana miezi 9 na hajawahi kushikwa. Nimechelewa?*
Hapana. Anza leo, polepole. Akishaweza kukaa vizuri, mkalishe kwenye poti ndogo akiwa na nguo, acheze nayo, aizoee. Halafu mjaribu asubuhi.

*Mdogo wangu alikuwa anatoa ishara vizuri, sasa ameacha kabisa. Je, amerogwa?*
Hajarogwa. Watoto hurudi nyuma wakiumwa, wakianza kutambaa au kutembea, wakihama nyumba au wakipata mdogo wao. Punguza kumshika, usimlazimishe, atarudi mwenyewe. Ila kama analia kila akikojoa au ana homa, mpeleke kituo cha afya.

*Mtoto ananyonya tu, ana miezi miwili, hajapata choo siku tatu. Nimpe maji au mafuta?*
Usimpe. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita mwezi wa kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima. Kama ananyonya vizuri, anachangamka, tumbo ni laini na choo kikija ni laini, hakuna tatizo. Kama tumbo limejaa gumu au anatapika, nendeni hospitali. Na mpaka afikishe miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha, hata maji haya tunayokunywa sisi hayahitaji.

*Je, kuanza mapema kunamdhuru mtoto?*
Kinachodhuru ni kulazimisha, kumkalisha muda mrefu na kumpiga. Kumshika dakika moja kwa upole, ukamwacha akikataa, hakumdhuru.

*Mama yuko kazini na mimi nashinda shule. Nani atamshika?*
Basi isiwe kutwa. Wadigo waliweza kwa sababu siku zote alikuwepo mtu wa kumshika mtoto. Nyumba isiyo na mtu wa kutosha ifanye asubuhi na jioni tu, mchana mtoto avae nepi. Asikudanganye mtu kwamba ni lazima yote au hakuna.

Kazi kwenu

Wiki hii kila mwanaklabu afanye mambo mawili. La kwanza, muulize bibi au mama mmoja jinsi alivyowalea watoto wake bila pampasi, uandike. La pili, kama nyumbani kuna mtoto, fanya ile kazi ya siku tatu ya kuandika ishara. Mkikutana tena jadilini haya:

1. Kwa nini kumpiga mtoto anayejikojolea hakumfundishi?
2. Kinyesi cha watoto mtaani kwenu kinatupwa wapi? Nani anaweza kubadilisha hali hiyo?
3. Nyumbani kwenu nani anamhudumia mtoto? Wavulana wanafanya nini?

Mimi nimemaliza yangu. Kesho asubuhi mtoto akiamka, mjaribu.